Kingamwili: Kutoka Panya wa Entebbe hadi Vichupa vya Kununua

Utangulizi

Neno kingamwili ni nomino ambatano ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuichambua: kinga na mwili. Ni istilahi iliyoundwa vizuri, kwa sababu anayeisikia kwa mara ya kwanza hupata fununu ya maana yake. Hata hivyo, fununu hiyo ni nusu tu ya habari. Kingamwili huukinga mwili dhidi ya maradhi, lakini kwa muda wa karne moja hivi zimekuwa pia chombo cha kazi katika maabara na, baadaye, bidhaa inayonunuliwa kwa katalogi kama vile mtu anunuavyo vitabu au vipuri vya gari.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea, yakianzia hapa kwetu Uganda. Yanajadili pia swali moja ambalo bado lina uzito: mtafiti anapokitegemea chombo alichokinunua kwa mtu mwingine, nani anathibitisha kwamba kilichomo ndani ya kichupa ndicho kilichoandikwa kwenye lebo? Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linaihusu nini idara ya Kiswahili. Linatuhusu kwa sababu majibu ya maabara humfikia mwananchi kwa lugha, na lugha ikikosea, hata kipimo sahihi hugeuka kuwa habari ya uongo.

Kingamwili kama kifaa cha kupimia

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa na chembe za damu mwili unapovamiwa na kitu kigeni, kwa mfano kirusi au bakteria. Kila kingamwili hushikamana na umbo fulani kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Kitu hicho kinachoshikwa huitwa antijeni.

Sifa hiyo ya kuchagua ndiyo iliyowavutia wanasayansi. Ukiwa na antijeni inayojulikana, unaweza kuchunguza damu ya mtu na kujua kama amewahi kupatwa na ugonjwa fulani. Ukiwa na kingamwili inayojulikana, unaweza kuitafuta protini fulani ndani ya kipande cha nyama, tone la damu au chembe moja. Lakini ufunguo mbovu unaweza kufungua makufuli mawili au matatu. Historia yote tunayoisimulia hapa ni historia ya kuutafuta ufunguo usiofungua mlango wa jirani.

Entebbe, 1936

Mwaka 1936 shirika la Rockefeller Foundation la Marekani, likishirikiana na serikali ya kikoloni, lilifungua Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano mjini Entebbe. Swali la wakati huo lilikuwa la haraka. Usafiri wa ndege ulikuwa umeanza kuiunganisha Afrika na Bara Hindi, na watawala waliogopa kwamba ugonjwa huo ungevuka bahari. Je, homa ya manjano ilikuwepo Afrika Mashariki, ingawa hakuna aliyekuwa ameona mlipuko?

Jibu lilitafutwa kwa kingamwili. Njia iliyotumika iliitwa kipimo cha kinga kwa panya, iliyobuniwa na Sawyer na Lloyd mwaka 1931 baada ya Max Theiler kuonyesha mwaka 1930 kwamba panya weupe wanaweza kuambukizwa virusi hivyo. Seramu, yaani maji ya damu ya mtu, ilichanganywa na virusi kisha panya wakadungwa tumboni. Wakati huohuo walidungwa wanga kidogo kwenye ubongo ili virusi vivutwe huko. Panya wakifa, mtu yule hakuwa na kingamwili. Wakiishi, alikuwa amewahi kupatwa na ugonjwa, hata kama yeye mwenyewe hakukumbuka kuugua.

Kwa njia hiyo watafiti waligundua watu wenye kingamwili katika sehemu kama Bwamba, magharibi mwa Uganda, na mwaka 1941 virusi vyenyewe vikapatikana huko. Katika kazi hiyohiyo waliokota vitu ambavyo hawakuvitafuta. Mwaka 1937 walipata kirusi kipya katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile. Tarehe 18 Aprili 1947, tumbili wa aina ya rhesus mwenye namba 766, aliyewekwa ndani ya kizimba katika msitu wa Zika, alipatwa na homa. Damu yake ilitoa kirusi ambacho jina lake lilikuja kujulikana duniani kote miaka karibu 70 baadaye. Dick, Kitchen na Haddow walichapisha habari zake mwaka 1952.

Jambo la kuzingatia ni hili: ili kusema kirusi ni kipya, walipaswa kwanza kuonyesha kwamba hakizuiwi na kingamwili za virusi vilivyojulikana. Seramu hizo hazikuuzwa dukani. Maabara ilizitengeneza yenyewe kwa kuwadunga wanyama wake, au ilizipata kwa wenzao wa maabara nyingine. Aliyezitengeneza ndiye aliyezijaribu, na aliyezijaribu ndiye aliyezitumia. Kama kulikuwa na kosa, lilikuwa chumba kile kile.

Jina la Kimakonde na jina la Kiacholi

Mfano unaoonyesha ugumu wa kazi hiyo una ladha ya pekee kwetu wapenzi wa lugha. Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulizuka katika wilaya ya Newala, kusini mwa Tanganyika. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza hali ya kujikunja kwa mgonjwa. Kirusi chake kilitenganishwa na R. W. Ross wa taasisi ya Entebbe, ambayo tangu 1950 ilikuwa imepewa jina la Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1959 ugonjwa unaofanana na huo ulizuka kaskazini mwa Uganda. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, jina linaloeleza kulegea na kuvunjika kwa viungo. Ulienea hadi Kenya, Tanganyika na kwingineko, ukawapata takriban watu milioni 2 kabla ya kutulia mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Je, ni ugonjwa mmoja au miwili? Wenyeji walikuwa wameupa kila mmoja jina lake, na kumbe walikuwa na haki. Lakini kingamwili hazikulijibu swali hilo kirahisi. Kingamwili za chikungunya hukishika vizuri kirusi cha o'nyong-nyong, ilhali kingamwili za o'nyong-nyong hukishika kirusi cha chikungunya kwa udhaifu. Mtafiti mwenye seramu ya upande mmoja tu angeweza kuapa kwamba virusi hivyo ni kimoja. Ilibidi kupima pande zote mbili ndipo tofauti ionekane. Hapo Entebbe walijifunza somo ambalo wengine walikuja kulinunua kwa bei kubwa: kingamwili haisemi peke yake, bali husema ikilinganishwa na nyingine.

Kingamwili zinageuka bidhaa

Biashara ya seramu yenyewe ni ya zamani. Tangu mwaka 1894 kampuni ya Hoechst ya Ujerumani iliuza seramu ya farasi ya kutibu dondakoo, kutokana na kazi ya Emil von Behring. Hiyo ilikuwa dawa. Biashara ya kingamwili kwa ajili ya utafiti ilipanuka baadaye kutokana na mambo mawili.

Mosi, mwaka 1971 Engvall na Perlmann huko Stockholm, na van Weemen na Schuurs huko Uholanzi, walibuni kila upande kwa njia yake kipimo kinachoitwa Elisa. Katika namna yake ya kawaida, antijeni hugandishwa kwenye kijisahani cha plastiki, seramu ya mtu hutiwa juu yake, kisha hutiwa kingamwili ya pili, mara nyingi ya mbuzi au sungura, ambayo hushika kingamwili za binadamu na imefungiwa kimeng'enya kinachobadilisha rangi. Rangi ikitokea, kingamwili zipo. Kwa hiyo hata kupima kingamwili za mtu kulihitaji kununua kingamwili za mnyama.

Pili, mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein wa Cambridge, Uingereza, waliunganisha chembe inayotengeneza kingamwili na chembe ya saratani isiyokufa. Matokeo yalikuwa ukoo mmoja wa chembe unaotoa kingamwili za aina moja tu, bila kikomo. Hawakuchukua hataza ya uvumbuzi huo, na mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kabla yao, sungura akifa, seramu yake iliisha. Baada yao, kingamwili ileile ingeweza kutengenezwa mwaka hadi mwaka na kuuzwa popote.

Makampuni yakafuata. Hybritech ilianzishwa Marekani mwaka 1978, na Abcam ikaanzishwa Cambridge mwaka 1998. Mwaka 2023 Abcam ilinunuliwa na kampuni ya Danaher kwa takriban dola bilioni 5.7. Kwa kiasi hicho cha fedha msomaji anaweza kupima ukubwa wa soko lililotokana na vichupa ambavyo kila kimoja huwa na matone machache tu.

Sampuli za West Nile

Athari za mabadiliko haya zilionekana Uganda katika jambo zito kuliko yote ya miaka ile, yaani UKIMWI. Mwaka 1985 Serwadda, Mugerwa, Sewankambo na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet habari za ugonjwa ulioitwa Slim, uliokuwa ukikondesha watu huko Rakai na Masaka, na kuuhusisha na kirusi ambacho leo tunakiita VVU. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha Elisa cha kuuzwa kwa ajili ya virusi hivyo.

Lakini mwaka huohuo wa 1985 makala nyingine ilitoka katika jarida la Science. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na wenzao walichukua seramu zilizohifadhiwa za watoto 75 wa West Nile, zilizokusanywa mwaka 1972 na 1973 kwa ajili ya utafiti wa saratani ya Burkitt. Walizipima kwa Elisa na kutangaza kwamba 50 kati yake zilikuwa na kingamwili za virusi hivyo. Maana yake ilikuwa kwamba theluthi mbili ya watoto wa kijijini walikuwa wameguswa na VVU zaidi ya miaka kumi kabla ya ugonjwa kuonekana.

Habari hiyo ilisambaa haraka. Iliupa nguvu usemi kwamba UKIMWI ulikuwa ugonjwa wa kale wa Waafrika. Hata hivyo, kama theluthi mbili ya watoto wa West Nile walikuwa na virusi mwaka 1973, wagonjwa wao walikuwa wapi mwaka 1985? Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 1985, uliohusu Waafrika wenye afya, ulionyesha kwamba rangi katika Elisa za wakati ule iliongezeka kwa watu wenye kingamwili nyingi za malaria. Mwaka 1986 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Uganda walihoji waziwazi madai ya ukale wa virusi hivyo nchini. Leo wanasayansi kwa jumla huyahesabu majibu yale ya West Nile kuwa chanya za uongo, na uchunguzi wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2014 uliielekeza Kinshasa, miaka ya 1920, kuwa mahali na wakati ambapo mlipuko ulianzia.

Kipimo kile hakikuwa kimebuniwa kwa hila. Kilikuwa kimejaribiwa kwa damu za watu wa nchi ambako malaria haipo, kisha kikapewa damu za watoto walioumwa na mbu kila usiku. Kingamwili zao nyingi zilinatanata pale zisipotakiwa. Chombo kilifika kabla ya maswali ya mahali kilipokwenda kutumika, na watoto wa West Nile wakasingiziwa ugonjwa.

Nairobi: kujitengenezea

Si kila mahali Afrika Mashariki ilikuwa mnunuzi tu. Mwaka 1973 Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Wanyama, ILRAD, ilianzishwa Nairobi ili kupambana na ndigana kali na nagana. Tatizo lao lilikuwa kwamba makampuni yalitengeneza kingamwili za kuchunguza chembe za binadamu na za panya, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na wanunuzi. Ng'ombe hakuwa na katalogi.

Basi wakajitengenezea. Kufikia mwaka 1980 Pinder na Hewett walikuwa wamechapisha kazi juu ya kingamwili za ukoo mmoja zilizotofautisha aina mbalimbali za kimelea cha ndigana kali. Katika miaka iliyofuata maabara hiyo ilitengeneza kingamwili nyingi za kutambua chembe za kinga za ng'ombe, zikapewa majina yanayoanza na herufi IL-A. Taasisi hiyo iliunganishwa na nyingine katikati ya miaka ya 1990 na kuwa ILRI. Mtafiti wa ng'ombe anayefungua katalogi ya kampuni kubwa ya kigeni anaweza kukuta humo kingamwili iitwayo IL-A111. Asili yake ni Kabete, Nairobi, ingawa bei yake imeandikwa kwa fedha za kigeni.

Lebo na kilichomo

Kadiri soko lilivyokua ndivyo mashaka yalivyokua. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti kilijaribu kingamwili 246 za kuchunguza protini za kiini cha chembe. Zaidi ya robo hazikufanya kazi kama zilivyotangazwa, na nne zilikuwa makini kabisa, ila ziliishika protini isiyo yenyewe. Mwaka 2015 Bradbury na Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi zaidi ya 100, waliandika katika jarida la Nature kwamba takriban dola milioni 800 hupotea kila mwaka duniani kwa kununua kingamwili mbovu. Walipendekeza kila kingamwili itambulishwe kwa mpangilio wake wa kijenetiki badala ya jina la kibiashara peke yake.

Wanyama nao waliingia katika hesabu. Kampuni ya Santa Cruz Biotechnology ya California ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, ikitumia mbuzi na sungura kwa maelfu. Mwaka 2012 wakaguzi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani waligundua mbuzi 841 mahali ambapo kampuni haikuwa imepatangaza. Mwaka 2016 shauri liliisha kwa makubaliano: kampuni ilipe dola milioni 3.5 na kupoteza leseni yake ya biashara ya wanyama hao.

Haifai, hata hivyo, kuwalaumu wauzaji peke yao. Mwaka 2023 mradi uitwao YCharOS ulichapisha matokeo ya kujaribu kingamwili 614 zinazohusu protini 65. Makampuni yenyewe yalitoa kingamwili zao zijaribiwe, na baada ya kuona matokeo yaliondoa baadhi sokoni na kubadili maelezo ya nyingine. Mradi huo ulionyesha pia kwamba kingamwili zilizoshindwa zilikuwa zimekwisha kutumika katika makala nyingi za kisayansi. Muuzaji aliandika lebo, lakini mtafiti aliiamini bila kuijaribu, na mhariri akaipitisha.

Kwetu hapa, dalili njema zipo. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya Entebbe, ambayo tangu 1977 ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walichapisha kazi ya kurekebisha na kuthibitisha kipimo cha Elisa cha kingamwili za Covid-19 kwa kutumia sampuli za Uganda, wakaweka wenyewe viwango vya kuamua kipi ni chanya na kipi ni hasi. Hilo ndilo lililokosekana kwa seramu za West Nile mwaka 1985.

Hitimisho: kazi ya mwalimu wa lugha

Kutokana na historia hii tunapata mambo matatu ya kuzingatia sisi wa Kiswahili.

Mosi, tuwazoeshe wanafunzi kutofautisha kingamwili na kirusi. Tumezoea kusema fulani amepimwa UKIMWI na kukutwa navyo. Vipimo vingi vya haraka hutafuta kingamwili, si virusi vyenyewe. Aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kuonekana hana kitu, kwa kuwa mwili wake haujatengeneza kingamwili za kutosha. Mtoto mchanga naye anaweza kuonekana ameambukizwa kwa sababu tu amerithi kingamwili za mama, na ndiyo maana kipimo cha kingamwili hakitoshi kuamua hali ya mtoto wa chini ya miezi 18. Mama asiyeelezwa tofauti hiyo kwa lugha anayoielewa atalia bure au atafurahi bure.

Pili, tusitafsiri neno chanya kana kwamba lina maana moja tu. Chanya ni jibu la kipimo. Ugonjwa ni uamuzi unaofikiwa baada ya kipimo cha pili na cha tatu. Mwandishi wa habari aliyesomea Kiswahili katika chuo chetu anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla ya kuandika kichwa cha habari.

Tatu, istilahi za fani hii bado hazijatulia. Kingamwili na antijeni zimekubalika, lakini kwa kingamwili zinazotokana na chembe moja wengine husema za monokloni na wengine, kama makala haya, husema za ukoo mmoja. Hapa pana kazi nzuri kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, mradi awe tayari kwenda Entebbe na kuwauliza mafundi wa maabara wanavyosema wenyewe.

Waacholi na Wamakonde walizipa homa zao majina mawili, na maabara ikaja kuthibitisha kwamba zilikuwa mbili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Iwe ni lebo ya kichupa au ni neno katika kamusi, tulijaribu kwanza kabla ya kulitumia.